Chumba cha Buluu ya Moshi

Chumba alichofikia mama yangu nyumbani kwetu Pasiansi kilikuwa cheupe kila upande, na weupe huo nusura uniondolee mama. Kuta zilikuwa za rangi ya maziwa. Mlango na fremu yake vilipakwa rangi hiyohiyo, kwa kuwa mimi mwenyewe, tulipokuwa tukimalizia ujenzi, nilimwelekeza fundi asiache mstari wowote wa kukatiza macho. Marumaru za sakafuni zilifanana na mchanga uliofifia, pazia lilikuwa jeupe, shuka nyeupe, hata kikombe chake cha chai kilikuwa cheupe. Mimi nilikiona chumba safi na kitulivu. Kwa mtu anayepoteza nuru ya macho, kilikuwa uwanja usio na mpaka.

Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alitueleza kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na kwamba iliyobaki ingeweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kuruka, pamoja na kuonekana kliniki kila alipopangiwa. Ndiyo sababu nilimtoa Ukerewe nikamleta Mwanza. Kule kisiwani alikaa katika nyumba ya bati aliyojengewa na kaka yangu mkubwa, uani kwa kaka huyohuyo, na hakukosa watu wa kumpenda. Aliyekosekana alikuwa mtu wa kukumbuka matone. Chupa ya kwanza ilikaa kwenye dirisha la jikoni hadi muda wake ukapita, ikiwa karibu kujaa.

Nilimuuliza siku moja anaonaje. Tulizungumza Kikerewe, kama tulivyozoea tukiwa wawili. Hapa ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili. Alisema ni kama kuchungulia kupitia tundu la mkeka, na mkeka wenyewe umefunikwa vumbi. Muuguzi wa kliniki alilieleza jambo hilo kwa namna nyingine: macho ya mama hayakuwa yakitafuta vitu, yalikuwa yakitafuta tofauti kati ya kitu na kilicho nyuma yake. Penye tofauti, anaona. Pasipo na tofauti, hapana kitu. Nilimsikiliza kwa adabu, nikarudi nyumbani kwenye chumba changu kisicho na tofauti yoyote, na nisiunganishe mambo hayo mawili hadi nundu ilipoota kwenye paji la uso la mama.

Mtu asiyejua desturi zetu angeuliza kwa nini mume wangu asimshike mkono. Mume wangu amestaafu na hushinda nyumbani. Mimi bado nafundisha na huondoka mapema. Msichana aliyetusaidia kazi za nyumbani alikuwa amerudi kwao kuolewa. Mchana kutwa, basi, walibaki wawili, mkwe na mama mkwe, nao walikuwa wamelelewa katika heshima ileile: mkwe hamgusi mama mkwe, haingii chumba anacholala, na wakikutana kwenye korido mmoja hurudi nyuma mwenzake apite. Mume wangu alikuwa tayari kumtumikia mama kwa kila namna isipokuwa ile moja aliyoihitaji. Kwa hiyo mama alipotaka kutoka, mume wangu alisimama sebuleni, uso ameugeuzia dirishani, akamwongoza kwa sauti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Mlango uko wapi leo?”

“Kushoto kwako, mama. Kidogo tu. Tena kidogo. Hapana, hilo ni kabati.”

“Kabati tunajuana, baba. Limeshanisalimia kwa kichwa.”

Nilipokuwa nyumbani nikiyasikia hayo, nilicheka. Mama alicheka pia, na ndiyo maana sikujua alichokuwa akikimeza.

Kisha Jumatatu moja alikosea kati ya mlango uliokuwa nusu wazi na ukuta ulio sawa nao kwa rangi, akagonga paji la uso kwenye ukingo wa ubao. Jioni yake alimsimulia kaka kwa simu, kama kichekesho. Kaka hakucheka. Alinipigia mara moja.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Mama ana nundu.”

“Imeanza kushuka, kaka. Nimemkanda.”

“Sikuulizi imeshuka au imepanda. Nyumba yake ya huku anaijua, anatembea humo bila kugusa ukuta. Kwako anapigwa na milango, na shemeji anamwelekeza kwa kelele kama anaegesha lori la mchanga.”

“Kaka, ni dawa. Akikosa dawa…”

“Dawa tutampa huku.”

“Mlishindwa, kaka.”

Mdogo hamwambii mkubwa neno kama hilo, nami nililijutia likiwa bado mdomoni.

“Jumamosi nakuja na meli ya asubuhi,” alisema. “Mfungie vitu vyake. Na usinibishie mbele ya shemeji.”

Nilijua hesabu ya jambo hilo ilivyo. Kaka angemlisha mama vizuri, angemnunulia sweta, angemwekea redio. Chupa ingerudi kwenye dirisha la jikoni. Na lile tundu la mkeka lingeziba, polepole, bila maumivu, bila mtu wa kutambua siku lilipoziba. Nilikuwa na muda hadi Jumamosi kufanya mama aweze kutembea katika nyumba yangu kama mtu mwenye nyumba.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa muuza rangi mmoja wa mtaa wa Buzuruga. Niliomba kadi zote za sampuli na kuzipanga kwenye mwanga wa mlangoni, jambo lililowaudhi wateja wengine. Nyeusi niliikataa kwa sababu zilizo wazi. Kahawia ilifanana na vumbi, na mama alishaniambia vumbi analo la kutosha. Kijani kibichi kilichakaa haraka machoni. Nikabaki na buluu moja iliyokolea, yenye kijivu ndani yake, ambayo asubuhi huonekana buluu kweli, adhuhuri huwa kijivu kama majabali ya vilima vyetu mvua ikishapita, na jioni huwa karibu na weusi bila kufikia. Kitu chochote cheupe ukikiweka mbele yake hutoka mbele, kana kwamba kimesogezwa.

“Hiyo inapendwa sana sasa hivi, mwalimu,” muuzaji alisema. “Watu wanaipaka sebuleni, nyuma ya televisheni. Ukuta mmoja tu.”

“Nikipaka zote?”

“Utalala ndani ya sufuria.”

Nilimsikiliza. Nakiri kwamba nilitaka pia chumba kipendeze, kisifanane na wodi. Niliamua ukuta mmoja, ule unaotazamana na kitanda. Mlango ulikuwa kwenye ukuta wa pembeni yake. Fundi wa rangi alikuja Jumatano, mtu mchangamfu anayeongea lugha ya vijana wa Dar ingawa ana wajukuu. Alipiga mkono wa kwanza wa rangi asubuhi na mkono wa pili mchana, akavuta mistari ya pembeni kwa brashi ndogo kwa unyoofu ambao siwezi kuulalamikia. Jioni nilisimama katikati ya chumba nikaridhika. Buluu ile ilikipa kitanda cha mama kitu cha kutazama. Nilitandika shuka mpya, nikaweka kiti cheupe mbele ya ukuta, nikakiona kile kiti kama mama angekiona. Usiku huo mama alilala humo.

Alhamisi nilichelewa kwenda kazini kwa makusudi. Nilimtia matone, nikangoja dakika zilizoamriwa akiwa amefumba macho, kisha nikajitenga pembeni nikimwacha atoke mwenyewe. Alisimama. Aligeuza uso taratibu, kushoto, kulia, mpaka ulipouelekea ukuta mpya. Akatulia. Halafu akaanza kutembea, si kwa kupapasa kama siku zote, bali kwa hatua za mtu aliyeona anakokwenda. Moyo wangu ulifurahi kwa muda wa hatua hizo. Alikipita kiti, akanyoosha mkono mbele, akaongeza mwendo, akaugonga ukuta wa buluu kwa kifua na shavu kwa pamoja.

“Mama!”

“Nani ameziba mlango?” aliuliza, viganja vyote viwili vikiwa ukutani. “Nani amekuja kuziba mlango?”

Nilimketisha kitandani. Shavu lilikuwa limeparazwa kidogo; nililipangusa kwa kitambaa. Huko sebuleni mume wangu aliuliza kuna nini.

“Huo ni ukuta, mama. Nimeupaka rangi ili uone.”

“Nimeona. Nimeona mlango.”

“Mlango uko upande huu.”

“Mwanangu, nisikilize.” Alikuwa akihema. “Hapa kwako mlango ni giza. Tangu nimekuja nimejifunza hivyo. Korido yako haina dirisha. Mlango ukiwa wazi, kwenye weupe huu wote, mimi naona kitu kimoja cheusi kimesimama, najua ndiyo njia. Ukifungwa sioni kitu, namwita mkwe wangu. Sasa leo nimeamka, naona giza kubwa, zuri, limefunguka mbele yangu. Nikasema, leo wameniachia mlango wazi.”

Kwa kukosa kwangu kumuuliza, nilikuwa nimeifuta kanuni pekee aliyojitungia katika nyumba yangu.

“Kwangu haikuwa hivi,” aliendelea, sasa kama anayesema na magoti yake. “Lile jiko la zamani, kabla kaka yako hajajenga, moshi uliingia hadi kwenye nyasi za paa. Kuta nyeusi, nguzo nyeusi. Mle ndani mlango ulikuwa mwanga. Unaingia na kuni, unageuka, mwanga uko pale, unatoka. Unga ukimwagika unauona. Kibuyu cha maziwa unakiona. Nilianza kuugua macho nikiwa bado napika mle, wala sikujua kama naugua. Nilijua siku nilipohamia nyumba nyeupe.”

Nililiwaza jambo hilo njia nzima ya kwenda kazini na njia nzima ya kurudi. Ukuta mmoja haukuwa kosa la rangi. Ulikuwa kosa la upande. Nilikuwa nimeweka giza mahali pamoja katika chumba cha mwanga, na macho ya mama yalikuwa yamefundishwa kwamba giza la namna hiyo ni njia. Ilinipasa kugeuza chumba chote ndani nje: kuta zote ziwe buluu ya moshi, mlango na fremu yake viwe vyeupe kabisa, kitasa kiwe cheusi, na taa ya korido isizimwe mchana wala usiku, ili mlango, ukiwa wazi au umefungwa, uwe ndio mwanga.

Nilimpigia fundi.

“Tunafuta au tunaongeza, mwalimu?”

“Tunaongeza. Kuta zote nne.”

“Na dari?”

“Dari ibaki.”

“Sawa. Bibi atalala ndani ya wingu la mvua. Akiamka amelowa, mimi simo.”

Alianza na mlango Alhamisi hiyohiyo jioni, kwa kuwa rangi ya mafuta huchelewa kukauka. Tulimhamishia mama chumba kingine kwa muda. Ijumaa alianza kuta zilizobaki. Jirani yetu mmoja, mama wa jumuiya yetu ya sala, alipita kuleta mboga, akachungulia kupitia dirisha lililo wazi, akashika mdomo.

“Mwalimu, poleni jamani. Nani tena?”

“Nani nini?”

“Aliyefariki.”

“Hakuna aliyefariki. Ni rangi tu, ili mama aone.”

“Aone giza?”

“Aone mlango.”

Aliniangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mtu aliyesoma vitabu hadi akachanganyikiwa. “Haya. Mungu asaidie,” alisema, akaacha mboga.

Jioni hiyo nilitenda kosa ambalo mtu wa pwani ya ziwa hapaswi kulitenda. Mkono wa pili wa ukuta wa mwisho, ule wenye dirisha, ulikuwa bado mbichi. Nilitaka ukauke kabla ya asubuhi. Nilifungua dirisha lote ili upepo wa ziwa uingie, na kwa kuwa jua lilikuwa likizama nami nikitaka kukagua kazi, niliwasha taa. Fundi alikuwa uani akiosha rola. Mama ndiye aliyetambua kwanza, akiwa sebuleni, kwa pua.

“Wamekuja,” alisema. “Fungeni dirisha. Wamekuja.”

Kutoka ziwani ulikuwa umenyanyuka moshi ambao si moshi: wale wadudu wadogo wa ziwani, laini kama majivu, ambao huzuka kwa pamoja na kusogea nchi kavu kama wingu linalojua njia. Waliiona taa yangu. Nilipofika chumbani walikuwa wameshaingia kwa maelfu. Walikuwa puani, walikuwa kwenye taa, na walikuwa ukutani, kila aliyetua amenaswa, bawa na mguu, katika buluu mbichi. Ukuta ulikuwa umeota manyoya.

Fundi alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika mikononi.

“Mwalimu,” alisema baada ya kutazama vya kutosha, “hii sasa ni rangi yenye nyama.”

Sikuweza kucheka. Nilichukua kitambaa nikataka kufuta, akanizuia mkono.

“Ukigusa sasa unapaka uji wa wadudu. Acha wakauke. Kesho asubuhi nakuja na msasa, nawapukuta, napiga mkono mwingine.”

“Kaka yangu anafika kesho kabla ya mchana.”

“Basi nitakuja kabla ya kaka.”

Nilikwenda kwa mama kumweleza. Nilimkuta katika chumba cha muda, ameketi kitandani, na miguuni mwake kulikuwa na mfuko wake aliokuja nao, umefungwa, kitenge kimezungushiwa juu na kukazwa fundo. Alikuwa ameufunga peke yake, kwa kupapasa.

“Mama, umefunga mzigo?”

“Kaka yako amesema nifunge.”

“Unataka kwenda?”

Alipapasa fundo la kitenge, akalikaza tena.

“Nataka kutoka chumbani bila kuimbiwa njia na mkwe wangu,” alisema. “Yule ni mtoto wa watu. Ananisikia ninavyopapasa kuta kama mwizi. Nikitaka kwenda chooni, mwanamume mzima anasimama kunitangazia. Ninacheka, naye anacheka. Lakini nikirudi chumbani mimi hulia, mwanangu. Kule kwangu nikipofuka, nitapofuka kati ya watoto na mbuzi. Hapa naona kidogo, nafedheheka sana. Wewe ungechagua nini?”

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na kaka. Si na mama. Nilimtia matone ya jioni, akanishukuru kwa sauti ya mgeni.

Jumamosi fundi alitimiza neno. Aliupukuta ukuta kwa ufagio laini, wadudu wakaanguka kama makapi. Akaupitisha msasa, akaupangusa vumbi, akapiga mkono mwingine huku dirisha limefungwa na taa imezimwa. Mimi na fundi tulikirudisha kitanda na kabati. Nilitandika shuka nyeupe, nikaweka beseni jeupe kwenye meza ndogo, nikaondoa pazia zito na kuacha lile jepesi, jeupe. Kila kitu kilichokuwa kimeyeyuka katika chumba cha zamani sasa kilisimama mahali pake. Mlango ulikuwa mweupe mpaka ukaonekana unasogea. Lakini nilikuwa nimeridhika hivyohivyo siku ya Jumatano, na ridhaa yangu haikuwa ushahidi wa kitu.

Tulisikia bajaji ikisimama getini. Kaka aliingia akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi na mkoba mtupu wa kubebea zawadi za kurudi nazo. Alisalimiana na mume wangu kwa mikono miwili, akamwamkia mama aliyekuwa sebuleni, akamgusa shavu penye mparuzo mpya. Alinitazama tu.

“Mzigo wake uko wapi?”

“Chumba cha kwanza kulia, kaka.”

Nilimwonyesha mlango wa chumba cha muda. Alitoka na mfuko mkononi, na alipokuwa akirudi, kile chumba kingine, kilichokuwa wazi, kilimsimamisha. Aliingia. Nikamfuata.

Alizungusha macho kwenye kuta, pembe hadi pembe, kama mtu anayetafuta mahali moto ulipoanzia.

“Nani amefanya hivi?”

“Mimi.”

“Haya ni masizi.” Aliongea kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyonitisha. “Unakumbuka jiko lile? Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Mama alikohoa kila masika. Nilichoma matofali mwenyewe. Nilikwenda kuleta chokaa kwa mtumbwi, nikaipaka kwa mikono hii ikachubuka, ili mama yangu atoke kwenye weusi. Wewe uliyesoma kutuzidi wote, umepata pesa, umepata nyumba ya marumaru, na kitu ulichoweza kumfanyia ni kumrudisha jikoni.”

“Kaka, usiegemee hapo, haijakauka.”

Alikuwa ameshaegemea. Alijinasua, hakujitazama.

“Mlete mama,” alisema. “Meli ya mchana haisubiri.”

Nilimleta kwa mkono, nikamketisha kwenye kitanda chake. Hakuwa ameingia chumbani humo tangu Alhamisi. Mume wangu alibaki sebuleni, kama ilivyompasa. Kaka alisimama upande wa dirisha mbele ya ule ukuta wa mwisho, mfuko wa mama mkononi mwake. Mimi nilisimama karibu na kabati na kuomba mama asisimame. Kisha nikaomba asimame. Sikujua niombe lipi, kwa kuwa kama angegonga tena mbele ya kaka, hata mimi nisingekuwa na haki ya kumzuia.

“Mama, twende,” kaka alisema.

Mama aligeukia sauti. Uso wake ulitafuta, kushoto, kulia, kama Alhamisi. Ukatulia juu ya kaka, na ukabaki hapo muda mrefu.

“Wewe,” alisema. “Umeota mvi lini?”

Kaka hakuelewa. “Mama?”

“Kichwa chako cheupe. Chote. Kama cha baba yako.”

Kaka alipeleka mkono kichwani taratibu. Mvi zake si za jana. Zilianza kwenye masikio, zikapanda, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiketi na mama kila jioni, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta wa chokaa aliyoipaka mwenyewe.

“Ni za siku nyingi, mama.”

“Hukuniambia.”

“Nilidhani unaziona.”

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha aliweka viganja vyake kwenye magoti na kusimama. Nilipiga hatua kumwelekea, akanyanyua mkono kunizuia. Aligeuza uso hadi ukaacha buluu na kukuta weupe uliosimama. Hakuharakisha kama siku ile. Alitembea akiwa ameinua kidevu, akafika, akapitisha kidole kwenye fremu, akakiona kitasa kabla ya kukigusa. Mlango ulikuwa umerudi nusu. Akauvuta. Taa ya korido ilikuwa inawaka, naye akatokea kwenye mwanga wake.

Huko sebuleni mume wangu alisikia nyayo, akafanya alichozoea.

“Shikamoo, mama. Kulia kwa…”

“Nyamaza, baba,” mama alisema. “Nimeshatoka.”

Tulimsikia akifika mlango wa uani, akiufungua, akitoka nje. Kaka hakusogea. Mama alirudi kwa mwendo uleule, akaingia, akafunga mlango nyuma yake kwa nguvu kidogo, kama mtu anayeonja kitu chake.

“Weka huo mfuko chini, mwanangu,” alimwambia kaka. “Utachoka bure.”

“Bado ni jiko hili,” kaka alisema.

“Ni jiko. Nilikulea wapi?”

Kaka aliuweka mfuko juu ya kabati, si chini, na hakuufungua fundo. Nililiona hilo, na nilielewa kwamba shauri lilikuwa limeahirishwa hadi kliniki ijayo, au hadi nundu ijayo. Kisha akaniomba, bila kunitazama, nimwonyeshe namna ya kutia matone: jicho linavutwa vipi, chupa inashikwa wapi, mtu akipepesa inakuwaje. Alirudia kwa maji ya kawaida juu ya kiganja chake hadi mkono ukatulia.

Bajaji ilipopiga honi, mgongo wa shati lake ulikuwa na doa kubwa la buluu, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Alimuaga mume wangu, akaniaga mimi, akafika hadi ngazi za baraza. Halafu akarudi ndani, akaingia chumbani kwa mama, akasimama tena mbele ya ukuta uleule, pazia jeupe likiwa nyuma yake, mikono ubavuni.

“Mama, naonekana?”

“Umejificha kwenye pazia,” mama alisema kutoka kitandani. “Sogea kushoto. Kidogo tu. Tena kidogo. Hapo.”